Subiri Kwanza, Usinunue Stata

Jua la mchana lilikuwa limekaa juu ya maegesho ya duka kubwa kama vile limelipia nafasi, na ndani ya kigari cheupe keki ya ghorofa tatu ilikuwa imeanza kutoka jasho. Mwenyewe, mwoka keki za harusi, gauni la manjano na viatu vya visigino, alizungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik. Nyuma yake honi zilipigwa, na wanaume wasiomjua walishakusanyika, kila mmoja na dawa yake mkononi.

"Betri hiyo, dada. Imekufa."

"Betri wapi! Stata. Nina jamaa yangu hapo kona, anazo mpya."

Wimbo huo aliujua. Alishauziwa betri mpya, akauziwa na altaneta mpya ya kuichaji, na gari likaendelea kugoma siku linapotaka. Mwaka huohuo alivunja uchumba na mwanamume aliyekuja kugundulika ana mke mji mwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye alifika mahali pa kuhesabu hata mayai mbele ya muuzaji, kisha kuyahesabu tena nyumbani.

"Subiri kwanza, usinunue kitu," sauti ilisema dirishani.

Alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu, taa ndogo ya kupimia umeme ikining'inia mfukoni. Mafundi wenzake walimwita Subiri, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kwa kila mteja.

"Washa taa kubwa. Haya, piga ufunguo huku mimi naziangalia." Tik. "Umeona? Hazikufifia hata kidogo. Betri ingekuwa imechoka, zingezimika kama mshumaa. Betri yako nzima, usimpe mtu hela yake."

"Kwa hiyo ni stata?"

"Sijui bado. Na nisilolijua siliuzi."

Walifungua boneti ili injini ipoe. Subiri alisimama akiikinga keki na jua kwa kipande cha boksi, hata mwoka keki akacheka bila kupenda. Baadaye ufunguo ukapigwa tena, gari likanguruma kana kwamba halikuwahi kugoma.

"Nikupe ngapi?"

"Sijatengeneza kitu, nikulipishe nini? Nipe namba yako tu. Likigoma tena nilipime likiwa limegoma. Gari kama hili ni mgonjwa anayepona akimwona daktari."

Namba alimpa, ila moyo ukabaki nusu. Jioni alimsimulia dada yake mkubwa kwa simu.

"Fundi asiyetaka hela?" dada mtu alishangaa. "Mdogo wangu, huyo anataka kitu kikubwa kuliko hela. Fumbua macho."

Alifumbua macho, na alichoona kikamzidi nguvu. Gereji ya Subiri ilikuwa upande wa pili wa mji. Kila Jumapili alilipeleka gari likapimwe, na kila Jumapili likishafika, limechemka kwa foleni, lilikataa kuwaka. Ikabidi angoje lipoe. Wakanywa chai kwenye benchi la viti vilivyong'olewa kwenye basi. Subiri siku hizo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama, akamhadithia vituko vya wateja mpaka chai ikampalia.

"Umeona nini leo?" mwoka keki alimuuliza kila mara.

"Bado natafuta, mpenzi. Kunywa chai."

Usiku simu haikukauka.

"Umefika salama, mpelelezi wangu?"

"Nimefika. Na huyo anayecheka hapo nyuma yako nani?"

"Redio."

"Izime nisikie."

Redio ikazimwa, kicheko kikaisha, naye akaona haya peke yake gizani. Alimpenda. Hilo alishalikubali mbele ya kioo, na ndilo lililomtisha. Subiri alikuwa ameshaanza kuulizia nyumbani kwao, na yeye alishajiapia kwamba hatachumbiwa tena na uongo.

Ndipo wazo likamwingia na kukataa kutoka: mbona siku hizi gari haligomi nyumbani kwake hata mara moja? Mbona hugoma kwa Subiri tu, na hugoma mpaka chai iishe? Akachukua rangi yake ya kucha, nyekundu ya damu ya mzee, akapaka tone kwenye nati za betri na kwenye nati ya waya wa stata, nusu juu ya nati na nusu juu ya chuma. Atakayelegeza, rangi itakatika. Hakumwambia mtu, hata dada yake.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na keki kubwa kuliko zote alizowahi kuoka, ya harusi ya watu wenye majina. Foleni ikamshika, injini ikazimwa kwenye msongamano, na ilipofika zamu yake kusogea, tik. Fundi wa kando ya barabara alichungulia chini ya boneti, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza.

"Dada, kuna mtu anakuchezea. Waya wa stata umelegezwa makusudi, stata imeungua. Nani analishika hili gari?"

Ghorofa ya juu ya keki ilishalala ubavuni. Alipiga simu huku akilia.

"Umelegeza waya wangu ili nikae kwako ninywe chai!"

"Mpenzi, sikugusa..."

"Usiniite mpenzi! Keki ya watu imeanguka. Nimeaibika. Nilijua tu, nyie wote ni walewale!"

Akakata. Alilia kwa hasira, kisha akalia kwa sababu nyingine, kwani sauti ya yule kijana ilikuwa imekatika katikati kama ya mtu aliyepigwa.

Fundi wa barabarani alikwishataja bei ya stata na kuanza kukunja mikono ya shati. Mwoka keki akajipangusa macho, akainama mwenyewe na tochi ya simu. Matone yake mekundu yalikuwa mazima. Ya betri mazima, la stata zima, hata ufa haukuwapo.

"Subiri kwanza," akasema, akashtuka kusikia neno hilo mdomoni mwake. "Umesema waya umelegezwa? Uguse."

Fundi akagusa. Haukutikisika. Akaanza kuzungumzia mambo ya altaneta.

Mwoka keki akamkumbuka Subiri alivyomweleza dereva wa teksi wiki moja nyuma: moto, yaani umeme, ukitoka kwenye betri sharti urudi, na njia ya kurudi ni waya wa ardhi unaofunga injini na bodi, ukioza ndani, injini ikichemka hauwezi kitu. Akaomba nyaya za kuazimia moto kwa gari la jirani. Akabana ncha moja ya waya mweusi kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Akapiga ufunguo. Likawaka palepale, likiwa bado la moto.

Keki hiyo haikuweza kuokolewa. Aliipeleka hivyohivyo, akaomba radhi, akarudisha malipo ya watu. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja gereji. Alikuwa na furaha ya ajabu, ya mtu aliyekosea na akashukuru kukosea, na furaha hiyo ilimfanya asiulize swali ambalo siku nyingine angeliuliza la kwanza.

Subiri alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake.

"Nimekuja kukuomba radhi," mwoka keki alisema. "Nilikutegea rangi kwenye nati, na hukugusa hata moja. Ni waya wa ardhi. Umeoza ndani. Hukunifanyia lolote."

Alingoja atabasamu. Subiri hakutabasamu. Angeweza kunyamaza tu, mambo yakaisha. Msamaha ulikuwa umeshaletwa mlangoni kwake, umeshapakuliwa.

"Usiniombe radhi," alisema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Waya. Niliujua Jumapili ya pili. Ni kazi ya dakika chache. Kila ulipouliza nikasema natafuta, kwa kuwa nikishaurekebisha hungekuwa na sababu ya kuvuka mji kuja kwangu. Sikugusa kitu, kweli. Nilinyamaza tu. Na keki imeanguka kwa kunyamaza kwangu."

Mwoka keki alikaa ncha ya pili ya benchi.

"Ungenyamaza na leo," alisema hatimaye, "nisingejua maisha yangu yote."

"Ndiyo. Ningekuoa, na ungekuwa unaniomba radhi kwa kosa langu."

Hasira ilikuwapo moyoni mwa mwoka keki, na aliiacha iwepo. Lakini alijikagua kila pembe, kama alivyozoea kuwakagua wengine, akitafuta lile shaka lililokuwa likimwamsha alfajiri, na hakuliona. Hakuna mwanamume aliyewahi kumpa ukweli kabla haujagundulika.

"Inuka," alisema. "Funga waya mpya. Sasa hivi, mbele yangu."

Subiri akafunga. Mwoka keki akapiga ufunguo, gari likawaka. Akalizima, likawaka tena.

"Keki utailipa wewe."

"Nitailipa."

"Na Jumapili usivae hilo shati hapa. Vaa uje nalo kwa dada yangu, na wazee wako. Umwambie mwenyewe habari ya waya, kabla hajakuuliza."

"Atanifukuza."

"Huenda," alisema mwoka keki, akiingiza gia. "Njoo hivyohivyo."