Nguchiro Chini ya Mkweche

Chapchap alikosa mambo mengi. Hakuwa na baiskeli. Hakuwa na koti la mvua. Hakuwa na ndugu wa kugombana naye, wala wa kumsingizia kikombe kikivunjika. Hakuwa na sauti ya kuimba, hata mwalimu wa kwaya alimwomba achezeshe midomo tu na kuwaachia wengine kazi. Lakini kuliko vyote hivyo, hakuwa na subira. Kazi ya saa nzima aliimaliza kabla chai haijapoa. Ndiyo sababu mjomba wake alimpa jina hilo, nalo likamganda hata shuleni.

Aliishi na mjomba huyo, fundi wa magari, pamoja na bibi yake, katika nyumba iliyopakana na gereji. Kila siku akitoka shule alibadili sare, akala, kisha akaenda kufagia gereji. Aliokota misumari, vipande vya waya na matambara yaliyolowa oili. Kwenye kona ya mwisho, kando ya ukuta wa mabati, ulikuwepo mkweche, yaani gari bovu lisilo na magurudumu. Mjomba aliuchomoa vipuri kidogo kidogo, kama mtu anayekula samaki hadi mifupa.

Chini ya mkweche huo ndipo nguchiro alipohamia. Mwanzoni walidhani ni paka. Kisha vifaranga vya bibi vikaanza kupungua, na harufu kali ikaingia hata kwenye viti vya magari ya wateja. Siku moja mteja alifungua mlango wa gari lake akamkuta mnyama mrefu wa kijivu, macho mekundu, amesimama kwenye kiti cha dereva akimkazia macho kana kwamba yeye ndiye mwenye gari. Mteja alipiga ukelele, akarudi kinyumenyume, akaketi ndani ya ndoo ya oili chafu.

"Fundi!" alifoka. "Nimeleta gari litengenezwe, sikulileta lifugiwe wanyama!"

Brashi, fundi rangi aliyefanya kazi upande wa pili wa gereji, alicheka hadi machozi. "Msameheni, huyo ni dereva mpya. Mshahara wake vifaranga tu."

Mjomba hakucheka. Mteja aliondoka na gari lake bila kuaga, na habari za namna hiyo husambaa upesi.

"Sumu sitaki," alimwambia Chapchap jioni. "Kuku wa bibi yako wataila. Tutamfungia nje. Nimenyunyiza majivu mbele ya lile tundu la ukutani analopitia. Kesho ukirudi shule, tazama nyayo. Zikiwa zimeelekea nje, lala chini, umulike kwa tochi uvungu wote wa mkweche. Ukihakikisha hamna kitu, ndipo uzibe tundu kwa bati. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mjomba."

"Haya, rudia."

Akarudia neno kwa neno.

Kesho yake nyayo zilikuwepo, wazi kabisa, zimeelekea nje, ingawa nyingine zilikuwa zimevurugika. Wakati huohuo wenzake walikuwa getini na mpira mkononi, wakimwita kwa makelele. Chapchap aliitazama tochi iliyokuwa rafuni. Akaitazama sakafu iliyojaa grisi. Akalitazama gauni lake. Kisha akachukua nyundo.

Alipogonga msumari wa mwisho, alisikia kitu kikikwaruza ndani ya uvungu. Kikanyamaza.

"Panya," alijiambia, akatimua mbio.

Jioni mjomba aliuliza, "Umemulika?"

"Nimemulika."

"Uvungu wote?"

"Wote, Mjomba. Hamna kitu."

"Safi sana. Leo nimepata fundi mwenzangu."

Chapchap akachukua ufagio, akaanza kufagia palipokwisha kufagiwa.

Siku iliyofuata mjomba alihitaji komeo la mlango lililoangukia chini ya mkweche. Alipiga goti, akaingiza mkono wa kulia uvunguni, akapapasa. Ghafla akauchomoa huku akiruka.

"Ala! Mkweche umeniuma!"

Damu ilikuwa ikimtiririka kutoka penye kidole gumba. "Ni lile bati lenye kutu," alisema, akajifuta kwa tambara lenye petroli.

"Umeuchokonoa miaka yote hii," Brashi akadakia. "Leo nao umelipiza kisasi!"

Wakacheka wote wawili. Chapchap alisimama na ufagio wake, hakucheka. Aliona matundu mawili madogo, yamekaa pamoja, na alijua bati halikati hivyo.

"Mjomba, nenda zahanati."

"Kwa kukwaruzwa na bati? Mtoto wewe! Mimi nimekatwa na bati kabla mama yako hajaota meno."

Usiku Chapchap hakumaliza chakula. Bibi alimgusa paji la uso. "Joto huna. Una nini, mjukuu wangu?"

"Sina kitu, Bibi."

Asubuhi alimfuata mwalimu wa sayansi mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, mtu akiumwa na nguchiro inakuwaje?"

"Ni hatari," alisema mwalimu. "Nguchiro, mbwa, paka, mbweha, wote wanaweza kubeba ugonjwa tunaouita kichaa cha mbwa. Aliyeumwa anaweza kukaa wiki nyingi akiwa mzima, anafanya kazi, anacheka. Halafu siku moja anashindwa kumeza maji. Dalili zikishaanza, tiba hakuna tena. Ila akioshwa kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, akapewa chanjo mapema, anaokoka. Kwani ameumwa nani?"

"Hakuna, Mwalimu. Nilitaka kujua tu."

Akaenda hatua chache. Mawazoni alimwona mjomba wake, ameshika kikombe cha maji, hawezi kumeza. Akageuka.

"Mwalimu, nimesema uongo. Ni mjomba wangu. Na yeye mwenyewe hajui."

"Kimbia," alisema mwalimu. "Vitabu nitakutunzia."

Gereji palikuwa na lori. Mjomba alikuwa amelala chini yake, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Dereva wa lori na Brashi walikuwa wamesimama pembeni wakipiga soga.

"Mjomba, toka."

"Wewe si uko shule? Subiri, nimalizie nati hii."

"Sikumulika, Mjomba."

Spana ilinyamaza. "Hukufanya nini?"

"Sikumulika uvungu. Niliziba tundu nikaenda kucheza. Nilisikia kitu ndani, nikanyamaza. Halikuwa bati lililokukata. Ni nguchiro. Mimi ndiye niliyemfungia humo."

Mjomba alijivuta nje taratibu, akautazama mkono wake uliokuwa umeanza kuvimba. Hakupiga kelele. Chapchap angependa apige kelele. Badala yake mjomba alikwenda bombani, akafungulia maji, akanyoosha mkono. Chapchap akamsugulia sabuni, povu likadondoka, akamsugulia tena na tena, machozi yakimshuka bila sauti.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia puani. Aliinusa ile harufu ya petroli, akang'aka.

"Mzee mzima! Hiki ni kidonda au tangi la gari?"

Alimchoma sindano penye kidonda na nyingine begani, akamtajia siku za kurudi. "Ukiruka hata moja nitakufuata hukohuko gereji, nikuchome mbele ya wateja wako. Nani aliyegundua kuwa ni nguchiro?"

Chapchap aliinua mkono nusu.

"Umechelewa, mwanangu. Lakini hukuchelewa kabisa."

Mjomba alimaliza sindano zake zote na hakupatwa na neno. Hata hivyo, wiki zote hizo, kila alipoinua kikombe, Chapchap aliacha alichokuwa akifanya, akalitazama koo lake mpaka maji yapite.

Jioni ya siku ileile ya zahanati, mjomba alibandua bati kwa mkono wa kushoto, wakawafungia kuku bandani, wakachungulia kupitia dirisha la jikoni. Nguchiro alitokeza kichwa, akanusa. Alikuwa na mtoto mdomoni. Alipotelea vichakani, akarudi kumchukua mwingine, kisha wa tatu.

"Kumbe ni mama," bibi alinong'ona.

Siku mbili mfululizo majivu yalikaa bila unyayo mpya. Ndipo Chapchap alipolala kifudifudi kwenye grisi na tochi yake, akamulika kila upenyo, akikaa humo hadi Brashi akauliza kama wampelekee mto. Palikuwa na manyoya ya vifaranga na matambara, basi. Wakaziba tundu.

Muuguzi alikuwa ameagiza ofisi ya mifugo iandikiwe barua, ili wachanje mbwa na paka wa mtaa mzima. Mjomba, mkono ukiwa kwenye bandeji, alimwita Chapchap kwenye benchi la gereji.

"Kaa, uandike wewe. Lakini kwanza nisikilize. Fundi akisahau kukaza nati, akaniambia, gari tunalirudisha, tunakaza, yanakwisha. Akisahau akanyamaza, gari hilo linaingia barabarani na watoto wa watu ndani yake. Kusahau, hata uvivu, naweza kukuvumilia huku nikikufundisha. Ila ukiniambia 'hamna kitu', mimi naingiza mkono. Watu huingiza mikono yao kwa sababu ya neno lako. Kwa hiyo kazi usiyoifanya, sema hukuifanya, hata kama mbele yako wamesimama watu mia."

"Nisamehe, Mjomba."

"Nilikusamehe pale bombani. Andika."

Akaandika tarehe, mtaa, na jinsi mjomba alivyoumwa. Kalamu ikasita.

"Watataka kujua kwa nini mnyama alikuwa amefungiwa ndani. Niandike imetokea kwa bahati mbaya?"

"Barua ni yako," alisema mjomba, akageukia spana zake.

Chapchap aliandika: *Niliambiwa nihakikishe, sikuhakikisha, nikasema nimehakikisha.* Chini yake akatia jina lake kamili, lile la kwenye rejista ya shule. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi na kuikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akaenda nayo ofisi ya mifugo, akaisukuma chini ya kioo cha dirisha, karani akaipokea.