Mama wa Nywele

Chumba cha barafu kilinuka pombe ya mahindi. Saturnina, mhifadhi wa makumbusho, akadhani walinzi wamekunywa kazini tena, akawatukana kimoyomoyo.

Nyuma ya kioo aliketi mtoto wa kike aliyeshushwa kutoka kileleni akiwa ameganda, kajikunyata ndani ya shuka la sufu. Wainka, watu wa kale wa milima hiyo, walimtoa kafara kwa mlima miaka mia tano iliyopita. Juma lililotangulia Saturnina alimkata kishungi cha nywele, maabara ikasome alichokuwa akila. Ncha zilikuwa nyembamba kama za kichanga, hazijawahi kuonja mkasi. Alipokata, maneno yalimponyoka: "Pole, mwanangu."

Kwao, anayemkata mtoto nywele za kwanza huwa mama yake wa nywele, na humpa mnyama hai. Saturnina alilijua hilo vizuri. Binti yake, Illari, wa miaka minne, angekatwa zake Jumapili iliyokuwa ikija. Lakini kazini hakulikumbuka.

Daktari Ocampo wa maabara alimsomea majibu. "Miaka yote viazi. Mwaka wa mwisho, nyama na mahindi. Mwishoni kabisa, pombe na majani ya koka ya kutafuna, ya kulevya, yakizidi kila siku. Walimnenepesha, kisha wakamlewesha asilie wakimwacha agande."

"Daktari, usiseme mbele yake."

"Atanishitaki?" Ocampo akacheka.

Mchana huo Illari alisukuma sahani. "Sitaki viazi. Nataka nyama."

"Lo, bi mkubwa! Nani kakufundisha?"

"Dada wa baridi."

Siku ya tatu mtoto akawa anapepesuka, ufizi kijani, pumzi yote pombe, na nyumbani hapakuwa na jani wala tone, na Saturnina, aliyejua kinachofuata baada ya koka, alimbeba mgongoni akakimbia naye juani, huku akihisi miguu midogo ya mtoto ikizidi kuwa ya baridi kiunoni mwake, mpaka kwa mganga Tomasa.

"Umemkata nywele, umemwita mwanao," Tomasa alinong'ona. "Ukampa nini?"

"Sikumpa kitu, mama."

"Ndiyo maana kaja kujichukulia. Mpelekee mnyama wake. Haraka!"

Saturnina alimfunga mtoto wa alpaka, mnyama wa sufu wa milimani, mweupe, uani mwa makumbusho, chini ya dirisha la chumba cha barafu. "Huyu ni wako, binti yangu. Niachie wangu."

Harufu ikaisha. Jioni Illari alikula mabakuli matatu ya viazi, na mama yake akalia kwa furaha.

Jumapili wageni walijaa, mkasi ukafungwa utepe. Saturnina alifumua nywele za binti yake. Nyuma ya sikio kishungi kimoja hakikuwepo; kimekatwa sawasawa.

"Illari, nani kakukata?"

"Dada wa baridi. Sasa yeye ndiye mama yangu wa nywele." Mtoto akanyoosha kidole. "Kaniletea na zawadi."

Mlangoni alisimama yule alpaka mweupe, kamba shingoni, theluji mgongoni.