Redio ya Bibi na Pedali Yangu

Kila siku nikitoka shule nilivua viatu mlangoni, nikampelekea Bibi chai yake, kisha nikaingia chumba cha kaka yangu na kuketi kitandani. Kitanda hicho hakikuwa kimelaliwa tangu kaka aende kufanya kazi mbali. Mama, aliyekuwa dobi hospitalini, alirudi jioni. Gitaa la umeme la kaka lilikuwa limeegemea ukuta, na spika yake kando. Kaka ndiye aliyenibandika jina la Kelele, kwa utani tu, maana naweza kushinda kutwa bila kusema maneno kumi.

Shuleni sikuwa na rafiki. Sisemi hivyo ili nihurumiwe, ndivyo ilivyokuwa. Wakati wa mapumziko niliketi peke yangu na kunakili mchoro ambao kaka aliniachia pamoja na bahasha ya vipuri. Ulikuwa mchoro wa pedali, yaani kisanduku unachokikanyaga kwa mguu na gitaa likaanza kunguruma. "Ukiimaliza, Jumapili nikipiga simu unichezee," kaka alikuwa ameniambia. Nilikuwa na hamu ya Jumapili hiyo kuliko kitu chochote.

Kwa wiki mbili nililehemu karibu na dirisha lililo wazi ili moshi usinipalie. Kisanduku chenyewe kilikuwa kopo la biskuti nililolitoboa kwa msumari. Vipuri vyote viliingia mahali pake, isipokuwa kimoja. Mchoro ulitaka diodi mbili, yaani vipuri vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, za kioo, za aina ya zamani, moja ielekee kulia na nyingine kushoto. Ndani ya bahasha mlikuwa na moja tu.

Mwisho wa mtaa wetu palikuwa na fundi redio. Ijumaa nilipita mbele ya kibanda chake mara tatu, na mara zote tatu ulimi uligoma. Nilijiambia kwamba atanicheka, mtoto wa kike anayeulizia diodi. Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Jumamosi, Bibi alipokuwa anaoga, nilifungua redio yake. Ndani mlikuwa na vipuri vingi, na katikati yake diodi ya kioo, ndogo kama punje ya mchele. Nilidhani redio yenye vipuri vyote vile haiwezi kuhisi pengo la kitu kidogo namna hiyo. Nikaing'oa.

Pedali ilifanya kazi! Nilipoikanyaga na kugusa uzi mmoja tu wa gitaa, dirisha lilitetemeka. Jumapili kaka alipiga simu, nikamchezea, naye akashangilia mpaka akapaliwa. Kisha akauliza, "Hiyo diodi ya pili umeitoa wapi? Mimi nilisahau kuitia."

"Kwa fundi," nikasema. Furaha yote ikanikauka mdomoni.

Chumba cha pili redio ilikuwa inatoa mvumo tu, shhh, bila neno hata moja. Magoti yalikuwa yamemfungia Bibi ndani mwaka mzima, na redio ndiyo iliyokuwa mgeni wake. Alizoea kubishana na watangazaji. "Mwongo mkubwa wewe!" ungemsikia akifoka, kisha anacheka. Sasa alikuwa akizungusha kitufe polepole huku na huku, akisikiliza.

"Naona hata redio imechoka kuongea na mimi," aliniambia.

Siku zilizofuata sikuligusa gitaa.

Jumatano Bibi alinipa redio ikiwa imefungwa kwenye kanga. "Mpelekee fundi, mjukuu wangu. Mwambie ni ya marehemu babu yako, asiichokonoe ovyo."

Safari hii sikuwa na njia ya kupita tu. "Shikamoo, Fundi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Alifungua redio, akainama, akachungulia ndani. "Hii haijaharibika. Imeng'olewa diodi, ile inayochambua maneno kutoka kwenye mawimbi. Tena aliyeing'oa bado anajifunza. Ona risasi ya kulehemia ilivyotapakaa."

Nilitazama vidole vyangu. Kimoja kilikuwa na alama ya kuungua. Yeye pia alikuwa anakitazama.

"Ni mimi," nikasema, na machozi yakanitoka.

Nilimweleza yote, kuanzia bahasha mpaka kopo la biskuti. Hakucheka. Alivuta chupa ya plastiki chini ya meza, akaitikisa. Ilikuwa imejaa diodi za kioo kutoka kwenye redio zilizokufa. "Ungeniuliza tu, ningekupa kumi," alisema. "Haya, kimbia ukalete ya bibi yako. Utairudisha mwenyewe, mimi nasimamia."

Nilikimbia nyumbani, nikaing'oa kwenye pedali, nikarudi kuilehemu mahali pake. Redio ilikohoa, kisha mtu akaanza kusoma habari. Fundi akaniwekea kiganjani diodi nyingine, ya pedali yangu. "Ya redio yamekwisha," akasema. "Ya nyumbani unayajua wewe."

Bibi alipoisikia redio alipiga makofi. "Fundi ana mkono mzuri! Amesema ilikuwa na nini?"

Ningeweza kusema ulikuwa ni waya uliokatika. Redio ilikuwa imepona na hakuna ambaye angejua. Lakini nilikumbuka alivyokuwa akikizungusha kile kitufe, nikapiga magoti mbele yake.

"Bibi, ni mimi niliyeiharibu. Nilitoa kitu ndani yake nikatia kwenye pedali yangu. Na kaka nilimdanganya. Nisamehe."

Bibi alizima redio. Nilijua nitagombezwa, na kweli nilipata maneno yangu, hasa kuhusu kugusa kitu cha babu bila ruhusa. Kisha akanishika ule mkono ulioungua.

"Tangu Jumamosi ulikuwa unaniona nahangaika na redio, ukanyamaza?"

"Niliogopa, Bibi."

"Sikiliza, Kelele. Kuchukua kisicho chako ni kosa. Lakini kuficha ndiko kulikotutesa. Wewe ulikuwa mpweke chumba kile, mimi mpweke chumba hiki, na katikati ni ukuta tu. Ukikosea, sema. Ukihitaji kitu, omba. Ukiona upweke, njoo ukae hapa."

Jumapili kaka alipopiga simu, nilimwambia ukweli kabla ya salamu kwisha. "Haya, sasa nichezee vizuri," akasema.

Safari hii nilikuwa nimehamishia spika na pedali chumbani kwa Bibi. Nilikanyaga kopo la biskuti, gitaa likanguruma, vikombe vikalia mezani. Bibi aliziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Mwongo mkubwa wewe!" akalifokea gitaa. Kisha akacheka, akaniambia nirudie.