Mtini Uliofunuliwa Mapema

Inobat aliwasha tanuri la uani mapema, akaanza kukanda unga. Binti yake, Oydin, alikuwa nje akifagia njia mbele ya lango. Katika mtaa wao, pembeni mwa mji wa Kuva, msichana aliyefikia umri wa kuolewa hufagia mbele ya lango kabla jua halijatoka. Asipofagia, watu husema. Akifagia vibaya, husema zaidi.

Katika chumba cha dirisha kubwa alilala Mzee Ergash, baba mkwe wa Inobat. Tangu baridi iingie alikuwa mgonjwa. Mkono mmoja na mguu mmoja havikumtii tena, na maneno yalimtoka polepole. Mwanawe Shavkat, mume wa Inobat, alikuwa mbali huko Urusi, akijenga majumba ya watu.

Inobat alimpelekea mzee mkate wa moto na bakuli la chai.

"Baba, kula japo kipande. Umetoka tanurini sasa hivi."

"Mkate naujua," alisema mzee. "Tini zikiiva nitakula. Hapo utaniona."

"Mpaka tini ziive si mwezi wa nane, Baba! Utaishi kwa hewa?"

Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nitazisubiri."

Hakuwa akitania. Mtini wa pale uani aliupanda mwenyewe mwaka aliooa, na tangu hapo hajawahi kununua tini sokoni. Daktari alikuwa amemwambia Inobat pembeni kwamba mwili wa mzee umechoka. Akitamani kitu chochote, apewe. Mzee hakutamani kitu kingine. Alitamani tini za mti wake tu.

Wakati huo mtini wenyewe ulikuwa umelala chini ya udongo. Baridi ya kule huua mtini. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya theluji, watu huinamisha matawi yake mpaka chini, huyafunika, kisha huyafukia kwa tuta la udongo. Kazi hiyo ilikuwa ya mzee na Shavkat. Inobat alijua kuanika tini na kupika jamu. Kuhusu kufukia na kufukua hakujua lolote, wala hakuwahi kuuliza.

Sasa sikukuu ya Navruz, mwaka mpya wa kule unaoanza baridi inapoisha, ilikuwa imekaribia. Siku hiyo washenga walikuwa wanakuja kumtazama Oydin.

"Mama," alisema Oydin, "hilo tuta litabaki hapo katikati ya ua? Washenga wataona kama tumezika mtu."

"Funga mdomo! Babu yako anasikia."

"Basi nimefunga. Lakini wao watakuja na macho yao."

Inobat alimkaripia, ila neno lile lilimkaa kichwani. Alilitazama tuta. Kweli lilikuwa kama kaburi. Jua lilikuwa zuri siku hiyo. Miaprikoti ya jirani ilikuwa imechanua maua meupe juu ya ukuta. Akaona joto limeshaingia. Akachukua jembe.

Hajafika mbali, akasikia kioo cha dirisha kikigongwa. Akaenda.

"Unafanya nini?" aliuliza mzee.

"Nautoa mtini, Baba. Miaprikoti imeshachanua."

"Mwaprikoti hauna akili. Kila mwaka unachanua, kila mwaka unapigwa na baridi. Tazama mforosadi."

Mforosadi ulisimama langoni, ule waliouchuma majani ya kulishia viwavi wa hariri. Matawi yalikuwa makavu, bila jani hata moja.

"Una nini mforosadi?"

"Haujaamka. Ngoja uamke."

"Sawa, Baba. Nimesikia."

Alisema hivyo kwa sababu mkwe haambiwi vinginevyo. Aliporudi uani alijisemea, mzee yuko chini ya blanketi tangu baridi iingie, atajuaje joto la nje? Akaendelea kufukua. Mchana ulipopita, matawi yote yalikuwa nje juani. Yalikuwa meupe meupe na laini, yakinuka unyevu. Akatoa udongo wote, akafagia, akanyunyiza maji. Ua ukang'aa.

Washenga walikuja. Walikunywa chai, wakala uji mtamu wa ngano iliyochipuzwa, wakamsifu Oydin. Mkubwa wao aliangaza macho uani.

"Ua msafi. Binti ana mkono mzuri," alisema. Kisha akauona mtini. "He! Nyinyi mmeshautoa? Wetu bado umelala."

"Wa kwetu ni hodari," alijibu Inobat, akacheka.

Mshenga naye akacheka, lakini aliutazama tena mtini kabla ya kuondoka. Posa ilikubaliwa. Na kwa kuwa hata kwao mtini ulikuwa bado chini ya tuta, binti angeolewa hata kama lile la Inobat lingekuwepo. Inobat aliliwaza jambo hilo baadaye mara nyingi.

Haikupita wiki. Upepo ulishuka kutoka milimani, na mvua ikaja imechanganyika na theluji. Inobat akashtuka. Udongo alikuwa ameshautupa nje. Alikimbia bandani, akaleta nailoni kubwa ya kufunikia miche ya nyanya. Akauzungushia mtini, akaukaza kwa kamba kama gunia.

"Sasa una koti," aliuambia.

Asubuhi kila kitu kilikuwa kimeganda. Kisha mawingu yakaondoka, jua likatoka kali. Inobat hakuigusa nailoni. Alidhani inautia mti joto, basi aliiacha hapo. Alipokuja kuifungua, maji yalikuwa yakichuruzika kwa ndani. Ncha za matawi zilikuwa nyeusi. Alipozishika, zililegea vidoleni kama mboga iliyochemka.

Mzee aliyaona hayo yote kutoka dirishani. Inobat aliingia chumbani na bakuli la chai, macho chini, akingoja kugombezwa.

Mzee alilipokea bakuli. Kisha akasema, "Ua umeufagia vizuri."

Hakusema kwa kejeli. Alitafuta jambo jema la kumwambia mkwewe, akapata hilo. Inobat alitoka, akakaa kwenye kizingiti cha jiko, akalia. Afadhali angetukanwa.

Majuma yakapita. Mforosadi ukatoa majani. Mitini ya mtaa mzima ikavaa kijani. Wa kwao ulisimama mkavu, wa kijivu, mbele ya dirisha la mgonjwa. Inobat akaona hawezi tena. Siku moja akachukua shoka.

"We Inobat! Shoka la nini? Umegombana na nani?"

Alikuwa jirani, Karomat, akichungulia juu ya ukuta. Mama huyu alikuwa akiotesha miche ya matunda na kuiuza sokoni.

"Naukata, dada. Umekufa. Baba anautazama kutwa nzima. Simwoni akilala."

"Umekufa nani kakwambia? Weka hilo shoka chini. Nakuja."

Karomat alipita langoni, akapiga magoti kando ya mtini. Alikwangua gome kidogo kwa ukucha kwenye tawi la juu.

"Tazama. Kahawia na kavu. Hili limekwisha." Akashuka chini zaidi, akakwangua tena. "Kahawia." Akafukua udongo kwenye shina kwa mikono, akakwangua. Utomvu mweupe ukatoka. "Je, hapa chini ya gome rangi gani?"

"Kijani!" alisema Inobat.

"Basi mzizi uko hai. Kata yaliyokufa yote, mpaka hapa penye uhai. Tumia msumeno mkali, si shoka. Utachipua kutoka chini."

"Na tini?"

Karomat alipangusa mikono. Alijua kwa nini anaulizwa.

"Mwaka huu si rahisi, mdogo wangu. Matawi mapya huzaa kwa kuchelewa, na baridi huyakuta matunda bado mabichi."

Inobat aliliegemeza shoka ukutani.

"Ulikosea wapi, unajua?" aliuliza Karomat.

"Niliufunua mapema."

"Mapema, na wote kwa siku moja, tena kwenye jua kali. Mti uliokaa gizani ngozi yake ni kama ya mtoto mchanga. Wewe mtoto ambaye hajamaliza arobaini unamweka uchi uani?"

"Halafu nikaufunga nailoni."

"Uuu! Ukaikaza ikagusa matawi? Basi usiku iliugandisha, mchana ikaupika. Nailoni haina pumzi. Heri ungeurushia magodoro yako yote."

"Ningejua ningeyatoa hata yale aliyowekewa Oydin ya kwenda nayo kwa mume."

"Mgeni akija analalia nini, mtini?" Karomat alicheka, na Inobat naye akajikuta akicheka huku machozi yakimtoka. Dirisha lilikuwa wazi. Karomat akapaza sauti: "Mzee! Nasema uongo?"

"Kweli," sauti ya mzee ilitoka polepole. "Mfundishe. Mimi sikumfundisha."

Inobat alikata matawi yote yaliyokufa. Aliumwagilia mzizi, bila kuujaza maji. Kabla ya joto kali, machipukizi yalitokeza udongoni, mekundu mekundu. Alimwita mzee kwa furaha, akamwinua aone. Machipukizi yakafika magotini, yakafika kifuani. Karomat alimwambia abakishe yenye nguvu tu na ayaelekeze upande mmoja, ili kuyalaza kuwe rahisi. Mwishoni mwa kiangazi tini chache zilitokea, ndogo, ngumu.

Vuli ilipofika hazikuwa zimeiva. Inobat alikata kijiti kimoja chenye tunda, akampelekea mzee. Aliligeuzageuza kwa mkono wake mzima, akalinusa.

"Hili haliivi," alisema.

"Haliivi, Baba. Nisamehe. Uliniambia ningoje, nikajifanya nimesikia."

Mzee alimrudishia kile kijiti taratibu. "Mwakani," alisema, kama mtu anavyomwambia mtoto. Wote wawili walijua hatakuwepo.

Majani yalipopukutika, kabla ya ardhi kuganda, Inobat na Karomat walimtoa mzee uani. Walimkalisha kwenye kiti, wakamvika joho la pamba. Aliwaongoza kwa kidole.

"Msivunje. Inamisheni kidogo kidogo," alisema.

Waliyafunga matawi pamoja kwa kamba laini, wakayalaza chini. Tini mbichi zote waliziondoa, kwa sababu zikibaki huoza na kuozesha tawi. Karomat akaleta majani makavu ya ngano, akayatandaza juu.

"Mabua ya mahindi je?" aliuliza Inobat.

"Yanafaa, ila yawe makavu. Chochote kibichi kitaleta ukungu. Sasa udongo."

"Matete," alisema mzee.

"Nini, Baba?"

"Huyo jirani yako amesahau jamvi la matete. Udongo usiguse matawi."

Karomat alijipiga paji la uso. "Mzee huyu! Mwili umelala, akili iko macho kuliko sisi."

Waliweka jamvi la matete, wakamwagia udongo mpaka likawa tuta. Mzee akaonyesha upande usio na upepo. "Hapo wekeni pua." Wakaacha tundu na kuliziba kwa fungu la majani makavu, ili hewa ipite. "Bila pua utaoza. Siku ikiwa na jua, fungueni. Baridi ikiwa kali, zibeni."

Akavuta joho karibu. Kisha akamwambia Inobat, "Na ukitaka kuutoa, umeshajua wa kumwuliza." Akageuza uso kuelekea langoni, kwenye mforosadi.

Alifariki katikati ya majira ya baridi, theluji ikiwa juu ya tuta. Shavkat alikuja kumzika baba yake, akakaa arobaini, akarudi kazini.

Navruz ikaja tena. Oydin alikuwa ameshaolewa. Wageni walikuja kuwapa pole, na mmoja akasema, "Inobat, hili tuta bado lipo tu? Nje kumeshakuwa na joto." Inobat alimmiminia chai. "Lipo, shangazi. Na litakuwepo."

Alianza kwa kufungua pua mchana na kuiziba jioni. Vichipukizi vya mforosadi vilipopasuka, alipunguza udongo wa juu. Alingoja siku ya mawingu ndipo akaondoa jamvi, na majani makavu akayaacha juu ya matawi kama shuka. Aliyapunguza kidogo kidogo, mpaka gome likazoea jua. Udongo hakuutupa. Blanketi kuukuu aliziweka karibu. Usiku mmoja wa baridi alizitumia, na kulipokucha akaziondoa kabla jua halijapanda. Hakuna hata ncha moja iliyokuwa nyeusi. Kisha akayainua matawi, akayategemeza kwa miti.

Mwezi wa nane tini ziliiva. Zilipasuka zenyewe kwa utamu, na nyuki wakaja. Inobat alijaza sinia, akaipeleka kwenye chai ambayo wanawake wa mtaa huandaliana kwa zamu, safari hii nyumbani kwa Karomat. Walimwuliza amefanyaje, maana majirani wawili mitini yao ilikuwa imeungua kwa baridi mwaka ule. Akawaeleza yote: jamvi, pua, mforosadi, siku ya mawingu. Hakuficha hata ile nailoni.

"Uliufunga kama kuku wa sokoni?" alisema mmoja, na chumba kizima kikacheka.

"Kama kuku," alikubali Inobat.

Mwanamke mwingine alichukua tini, akaipasua katikati. Nyama yake ilikuwa nyekundu.

"Na mzee," aliuliza, "aliwahi kuzionja?"

Karomat alimtazama Inobat.

"Hakuwahi," alisema Inobat. Akaisukuma sinia katikati ya mkeka, ili kila mtu aifikie.