Wa Akiba Upo

Mwanamume aliyebeba keki ya harusi hana mkono wa kujikunia pua, seuze wa kugombana na gari. Huyu aligombana nalo hivyo hivyo. Alisimama kwenye maegesho ya jengo la maduka, Jumamosi watu wamejaa mpaka magari hayana pa kugeukia, keki ya ghorofa tatu kaikumbatia kifuani, na kwa kiwiko anausukuma mlango ambao siku zote humfungukia wenyewe akiusogelea tu. Leo mlango ulikuwa umemnunia.

Fundi saa alimwona kupitia kioo cha kibanda chake, pale mlangoni mwa jengo. Alikisukuma kioo cha kukuzia mpaka kwenye paji la uso, akafuta mikono kwenye koti lake la kazi, akatoka na gauni lake la njano likimfuata kwa nyuma.

"Kaka, na hilo gari mmekosana?"

"Dada yangu, asubuhi tulikuwa tunapendana. Sasa halinitambui."

"Ufunguo uko wapi?"

"Mfuko wa suruali, wa kulia. Likiuhisi tu karibu linafunguka lenyewe, sina haja ya kuushika."

"Basi nipe keki uutoe."

"Keki ya watu simpi mtu. Hata mama yangu simpi."

Fundi saa alimtazama. Alikuwa mrefu, kavaa koti jeupe la jikoni, na sukari ya unga ilikuwa imemganda kwenye nyusi. Alimwonea huruma. Aligeuza uso upande wa pili, akatia vidole viwili mfukoni mwake, akauvuta ufunguo taratibu kama anavyong'oa mshale wa saa. Mwoka keki aliacha kupumua mpaka vidole vilipotoka.

"Betri imekufa tu. Ni hizi hizi za saa, ninazo ndani. Spea huna?"

"Spea?"

"Ufunguo wa pili, baba!"

"Uko nyumbani, kwenye droo."

"Spea ya kukaa kwenye droo hiyo ni pambo," alisema fundi. Akabonyeza kidude pembeni mwa ule ufunguo, na kutoka tumboni mwake ukachomoka ufunguo mwingine mdogo, wa chuma, wa kawaida kabisa. Akabandua kifuniko kwenye kitasa, tundu likaonekana, mlango ukafunguka.

Mwoka keki alikodoa macho. "Huo ulikuwa humo siku zote?"

"Tangu unalinunua."

"Na mimi natembea nao sijui!"

"Wanaume wengi ndivyo mlivyo," alisema fundi, akaenda kumletea betri.

Kesho yake mwoka alirudi na keki ndogo ya duara, yenye tarakimu za krimu na mishale miwili ya chokoleti.

"Saa yako imesimama," fundi alimwambia.

"Ilisimama pale ulipotia mkono mfukoni mwangu."

Fundi alicheka hadi shangazi yake, anayeuza mikanda ya saa kwenye meza ya pili ndani ya kibanda hicho hicho, akainua kichwa kuona kulikoni. Na kwa kuwa shangazi huyo hakujaliwa kunyamaza, alisema kwa sauti, "Haya. Limeanza."

Kweli lilianza. Mwoka akawa anapiga simu katikati ya kazi. "Fundi, saa ngapi?"

"Una simu mkononi, unaniuliza mimi saa?"

"Ya simu haina sauti tamu."

"Rudi kwenye unga wako, sukari wee."

Siku moja alikuja na ule ufunguo wa pili, kaufunga utepe mwekundu wa keki. "Chukua spea, mpenzi. Nikiiacha garini, gari linamfungukia kila mpita njia. Nikiiweka kwenye droo, umesema ni pambo. Nataka ikae kwa mtu."

"Kwa nini iwe mimi?"

"Kwa sababu nikifungiwa nje, nataka atakayekuja awe wewe."

Fundi saa aliupokea kwa mikono miwili. Aliutundika ukutani, nyuma ya kioo. Wiki haikuisha, mwoka akaegesha mbele ya kibanda, na gari likauhisi ufunguo uliokuwa ukutani, likafunguka. Mzee mmoja mpita njia akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akaomba apelekwe hospitali, akidhani ni teksi. Mwoka hakumshusha. Alimpeleka, akamsubiri, akamrudisha. Siku hiyo ndiyo fundi alipojua kwamba anampenda. Ufunguo akautia kwenye kopo la bati usiongee tena na gari, na kopo akalitia mkobani. Popote alipokwenda, likaenda naye.

Hapa inabidi kusema jambo kuhusu huyu fundi. Kabla ya mwoka alikuwapo mwingine, mchumba wa kutambulishwa hadi nyumbani. Fundi alihisi harufu ya moshi, akamwuliza kama kuna mwingine, jamaa akaapa kwa viapo vyote, na kabla mwezi haujaisha akaoa mwanamke mwingine. Shangazi ndiye aliyelisema, kwa nia ya kumfariji, maana shangazi hufariji kwa nyundo. "Mwanangu, usilie. Wewe ulikuwa wa akiba tu." Neno hilo lilimkaa fundi moyoni, na hakulisema kwa mtu.

Basi siku moja mwoka alikuwa amesimama nje ya mlango wa kibanda, anaongea na dada yake kwenye simu. Dada huyo ndiye msimamizi wa biashara yao na mpokea oda. Ilikuwa saa sita kamili, na saa za ukutani zilizojaa mle ndani zikaanza kugonga zote kwa pamoja. Fundi, aliyeinama mezani, akawa anasikia vipande vipande.

"...wa kwanza..." *Ding.* "...nanichosha kila siku..." *Ding, dong.* "...sina wasiwasi, dada. Wa akiba yupo."

Bisibisi ilimtoka mkononi.

Alihesabu kote kote, hakupata pa kutokea. Kama yeye ndiye wa kwanza, basi anamchosha, na mwenzake yuko tayari pembeni. Kama yeye ndiye wa akiba, basi yamemkuta yale yale. Mwoka aliingia anatabasamu, akamkuta amevaa kioo cha kukuzia na hataki kukivua.

"Kuna nini, laazizi?"

"Hakuna."

"Hakuna ya kweli, au hakuna ya kunifanya nisilale?"

"Nina kazi. Na kesho usije."

Hakuja kesho, kwa adabu. Keshokutwa alikuja, akakuta mlango umerudishwa. Simu zake ziliita zikachoka. Alituma ujumbe: *Nimekosa nini? Niambie nirekebishe.* Fundi aliusoma, akaurudia, akaizima simu.

"Mwulize," alisema shangazi.

"Aliyepita nilimwuliza, shangazi. Aliapa mpaka nikamwonea aibu kwa kumshuku."

"Huyu si yule."

"Yule naye hakuwa yule, mpaka alipokuwa."

Kila asubuhi aliamka na nia ya kuurudisha ule ufunguo. Kila asubuhi alifungua kopo, akauangalia na utepe wake, akalifunga, akalitia mkobani na kwenda kazini nalo. Alikuwa amemkumbuka mno, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Jumamosi nyingine simu iliita kwa namba asiyoijua.

"Usikate, tafadhali." Ilikuwa sauti ya mwoka. "Sikupigii kama mpenzi. Nakupigia kama mtu aliyefungiwa nje."

Fundi hakukata.

"Ufunguo niliuweka kwenye buti wakati napanga keki. Nikafunga, gari likajifunga, halikuuhisi. Keki ya harusi imo ndani, jua linawaka, maharusi wako njiani. Spea unayo wewe."

"Uko wapi?"

Alimtajia ukumbi. Haukuwa mbali.

"Nakuja. Nafungua, naondoka."

Shangazi alikuwa amesikia yote, bila shaka. "Vua basi hilo koti la kazi, gauni lionekane."

"Naenda kufungua gari, shangazi, siendi kuolewa."

"Vua tu. Hujui litakalotokea."

Alilivua, akijiambia ni kwa sababu ya joto.

Alimkuta mwoka kasimama nyuma ya gari, amelitandazia buti kitambaa cha meza kukinga jua, mikono yote miwili juu yake kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Alikuwa amekonda. Pembeni yake alisimama mwanamke mrefu mwenye kilemba cha bluu na simu mbili, moja kila sikio. Alipomwona fundi alizishusha zote.

"Ni huyu? Ndiye mwenye wa akiba?"

Fundi alisimama palepale. "Mwenye nini?"

"Wa akiba, mdogo wangu! Mimi ni dada yake. Kila siku namwuliza, umebeba wa akiba? Maana huo wa kwanza, tangu ulipotumbukia kwenye bakuli la krimu, unamchosha. Leo unafungua, kesho hautaki. Akaona aibu kukwambia wewe fundi. Siku moja namwuliza, ananijibu, unamchosha kila siku lakini hana wasiwasi, wa akiba upo, uko kwa mtu anayemwamini kuliko droo yetu. Nikasema, huyo mtu nitamwona lini?"

"Ufunguo," alisema fundi polepole.

"Ufunguo, ndiyo. Kwani ulidhani nini?"

"Kwa nini hamsemi *spea* kama watu wote?" Alifoka, na machozi yakamtangulia.

"Mama yetu alikuwa mwalimu wa Kiswahili," alisema mwoka, haelewi bado. "Ukisema spea mezani, unapitwa na chai. Kwako nasema spea kwa sababu wewe ndivyo unavyosema."

"Ulisema *upo* au *yupo*?"

Mwoka alimtazama, akamtazama dada yake, akarudi kwake. Alianza kuelewa, na uso ukambadilika.

"Ulidhani nina mwanamke wa akiba?"

"Saa zilikuwa zinagonga!"

"Umeniacha kwa herufi moja?"

"Kitu kidogo kuliko hicho husimamisha saa nzima, na mimi naijua kazi yangu."

"Ungeniuliza tu, mpenzi. Siku zote hizi nimekaa najipekua, sioni kosa."

"Niliogopa jibu," alisema fundi. "Nilishawahi kuwa wa akiba wa mtu. Sitaki kuwa tena, wala kwako, na wewe nakupenda. Nisamehe."

Mwoka alifungua mdomo, lakini dada mtu alimwahi.

"Mapenzi baadaye! Keki ya watu inayeyuka!"

Fundi alilitoa kopo mkobani, akalifungua. Ufunguo ulipogusa hewa tu, taa za gari zikapepesa, milango ikalia *tak*. Buti likainuka. Ghorofa ya juu ya keki ilikuwa imelegea upande mmoja, ikainama kidogo kama msikilizaji. Mwoka aliiweka sawa kwa kisu na pumzi zake zote, na ukumbini wakaugeuzia ukutani ule upande wenye kasoro. Maharusi waliingia, wakaisifu.

Baadaye walikaa wawili kwenye ukingo wa buti, mlango wake umewafunika kichwani. Fundi alinyoosha mkono wenye ufunguo na utepe wake mwekundu.

"Chukua. Nilikuja kuurudisha."

Mwoka hakuupokea. Alitoa ule wake mkorofi, akabonyeza pembeni, akachomoa ufunguo mdogo wa chuma, akauweka kwenye kiganja cha fundi juu ya ule mwingine.

"Nao huu ukae kwako. Ulikuwa kwangu siku zote, wewe ndiye uliyenionyesha kwamba upo."

"Halafu wewe ukifungiwa nje?"

"Nisifungiwe nje tena. Naomba tuishi mlango mmoja."

"Sema vizuri. Mimi nikisikia nusu nusu, unajua matokeo yake."

Mwoka alikohoa, akakaa wima, akatamka kama mtoto wa mwalimu. "Nataka kukuoa. Herufi zote zimo, zihesabu."

"Rudia."

"Nataka kukuoa, fundi wangu."

"Nimekubali," alisema, akakilaza kichwa kwenye lile koti jeupe, sukari ya unga ikamwingia nywele. Alilia kidogo na kucheka sana.

Dada mtu alichungulia kwenye mlango wa ukumbi, mikono imejaa trei tupu, akawaita kwa sauti ya kupitia maegesho yote.

"Jamani, twendeni! Wa akiba upo?"

"Upo!" alijibu mwoka.

"Na mwenyewe je?"

Mwoka alimgeukia, lakini hakuwahi kujibu. Fundi saa alishashuka kwenye buti, amesimama wima, amekusanya pumzi, asije mtu akasikia vibaya.

"Yupo!"