Alama za Baba

Kila siku saa kumi alasiri Baba aliingia nyumbani, akatundika koti lake la kazi nyuma ya mlango, akanawa mikono hadi viwikoni kama mtu anayejiandaa kumpasua mgonjwa, kisha akaketi mezani mbele ya laptopu kuukuu aliyoazimwa na Mjomba. Hakuwa daktari. Alikuwa mtunza masjala wa hospitali, kile chumba cha mafaili ya wagonjwa, na miaka kumi na tisa ya vumbi la mafaili ilikuwa imemzoeza kunawa.

Pembeni yake alikaa binti yake wa miaka kumi na miwili. Nyumbani na shuleni walimwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Alikuwa wa kwanza darasani katika somo la kompyuta, na mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo, maana alikuwa ameitangaza yeye mwenyewe.

Hospitali ilikuwa imeamua kuachana na mafaili ya karatasi. Wafanyakazi wa masjala walipewa wiki saba za kujifunza kompyuta, na mwishoni mtihani. Atakayeshindwa, barua ilisema, hatakuwa na nafasi tena hospitalini. Barua hiyo Baba aliisoma mara tatu akiwa amesimama, akaikunja na kuitia mfukoni. Kabla ya hapo hakuwa amewahi kugusa kompyuta hata kwa bahati mbaya.

"Haya, Baba, fungua folda ya wagonjwa," Chiriku alisema.

Baba alishika kipanya kama mtu aliyeshika yai bichi. Mshale ukaenda arijojo, ukapotelea kwenye kona ya skrini. Akakiinua kipanya na kukichungulia chini.

"Sasa umekwenda wapi?"

"Baba! Si huko! Tazama kwenye skrini. Hebu lete nikuonyeshe."

Chiriku akakichukua kipanya. Ta, ta, ta, kazi ikaisha. "Umeona?"

"Nimeona," Baba alijibu. Hakuwa ameona kitu.

Ili asisahau, Baba alianza kuandika kwenye daftari dogo: picha ya pili kutoka juu, bofya mara mbili, bofya upande wa kulia, shuka mpaka mstari wa tano. Chiriku aliyaona maandishi hayo, na alijua kabisa kwamba picha za kwenye skrini huhamishwa, na kwamba orodha za maneno hazifanani katika kila kompyuta. Alipaswa kumwambia Baba asome maneno, asihesabu mistari. Lakini hilo lingechukua muda, na wenzake walikuwa wanamwita nje wakacheze.

"Sawa tu, Baba. Andika hivyo hivyo," alisema, akatoka mbio.

Kila Ijumaa mkufunzi wa kompyuta pale hospitalini aliwapa wanafunzi wake zoezi la kufanyia nyumbani. Zoezi la kwanza lilikuwa la kutengeneza folda sita, kuzipa majina na kupanga orodha za wagonjwa ndani yake. Baba alihangaika nalo saa nzima na nusu. Jasho lilimtoka, na alichopata ni folda moja tu, tena yenye jina la "aaaaaaa" kwa sababu kidole kilikawia kwenye kitufe. Chiriku mikono ilimwasha.

"Lete, Baba, nikumalizie."

"Mkufunzi amesema tufanye wenyewe."

"Ni wiki hii tu, mpaka uzoee."

Baba akasogeza kiti. Baada ya dakika kumi zoezi lilikuwa limekamilika. Wiki hiyo moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu na ya nne. Alama za mazoezi zilipobandikwa ukutani hospitalini, Baba alikuwa na tisini na saba, juu ya wote. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Chiriku alivimba kichwa. Baba alitazama sahani yake, na chakula kikapoa.

Wiki ya tano katibu wa hospitali akamteua Baba, yeye mwenye alama za kupigiwa mfano, aketi kwenye dirisha la mapokezi siku ya kwanza ya kutumia kompyuta.

"Nitamwambia siwezi," Baba alimnong'oneza Chiriku jikoni.

"Utaweza, Baba. Wewe fuata daftari tu."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na Chiriku akaenda naye kwa kujivuna. Alikaa kwenye benchi katikati ya wagonjwa wapatao hamsini. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwanamke aliyebeba mtoto mwenye kikohozi. Baba alifungua daftari. Akabofya picha ya pili kutoka juu, likafunguka dirisha ambalo hakuwa amewahi kuliona. Akalifunga. Akajaribu picha nyingine, na nyingine. Mtoto alikohoa. Watu wakaanza kuguna.

"Fundi, vipi, tutalala hapa?" mzee mmoja aliuliza, na wengine wakacheka.

Baba akafuta jasho usoni. Mwishowe aliiona folda ya wagonjwa, lakini haikufunguka alivyotaka. Akarudi kwenye daftari: bofya upande wa kulia, shuka mpaka mstari wa tano. Kwenye laptopu ya Mjomba, mstari wa tano ulikuwa wa kunakili. Kwenye kompyuta ile ya hospitali, mstari wa tano ulikuwa wa kufuta. Kompyuta ilimuuliza kama ana hakika. Baba hakusoma, akakubali. Folda ikatoweka, na ndani yake majina ya wagonjwa wote yaliyoingizwa kwa siku nne za maandalizi.

Foleni ilisimama kwa saa mbili. Mkufunzi alitafutwa, akaja, akaiokoa folda kutoka kwenye pipa la taka la kompyuta. Lakini wakati huo wagonjwa wengi walikuwa wameshaondoka, na yule mwanamke alikuwa ameondoka na mtoto wake akiwa bado anakohoa. Katibu alisimama mbele ya watu wote.

"Si wewe mwenye tisini na saba?" alimuuliza Baba.

Baba alifunga daftari lake. Chiriku alitamani sakafu ipasuke immeze.

Siku hiyo Baba hakutundika koti wala hakunawa. Alikaa kitandani na viatu vyake.

"Nimekwisha," alimwambia Mama. "Mimi ni mtu wa karatasi. Jumatatu nitawaambia sifanyi huo mtihani. Heri niondoke mwenyewe kuliko kuaibishwa tena."

"Na sisi tutaishije?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo. Baba aligeukia ukuta.

Chiriku alisikia yote akiwa mlangoni. Jumapili wenzake walimwita nje wakacheze, hakutoka. Alijifungia bafuni, akafungua bomba ili asisikike, akalia. Kila alipofumba macho aliuona mkono wa Baba ukihangaika juu ya kipanya, na alijua nani aliyeufikisha pale. Hakuona njia yoyote ya kulirekebisha jambo hilo. Alichokuwa nacho ni ukweli tu, na ukweli wenyewe ulimtisha.

Jumatatu baada ya masomo alikwenda hospitalini peke yake. Mkufunzi, dada mmoja mwenye miwani, alikuwa anakunja nyaya.

"Shikamoo, dada. Yale mazoezi ya Baba, yule mwenye tisini na saba, yote manne niliyafanya mimi."

Mkufunzi aliacha nyaya. "Marahaba. Unajua kwamba sasa lazima nifute alama zake zote?"

Chiriku hakuwa analijua hilo. "Zote?"

"Zote. Mazoezi yalikuwa yambebe, maana alama zake huongezwa kwenye za mtihani. Sasa ili afaulu itabidi apate angalau hamsini kwenye mtihani wenyewe, na mtihani ni Ijumaa ya wiki ijayo."

Chiriku aliona amekuja kumzika baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Machozi yalimtoka, na hakujaribu kuyaficha. Mkufunzi alimsogezea kiti.

"Niambie. Mlipokuwa mnajifunza, nani alikuwa anashika kipanya?"

"Mimi."

"Basi aliyejifunza ni nani?"

Chiriku alitazama mikono yake.

"Umekwishajijibu," mkufunzi alisema. "Mkianza tena, hiyo mikono yako ikalie. Na usimwambie picha iko wapi. Mwambie asome."

Chiriku alipomweleza Baba yote, Baba aliinuka kitini, naye Chiriku akadhani atapigwa. "Mimi ndiye mtu mzima," Baba alisema. "Nilikuona unafanya, nikasogeza kiti." Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa katibu, akakiri, akapewa barua ya onyo. Kuhusu kuacha mtihani hakusema tena. Alirudi nyumbani, akanawa, akaketi mezani.

Zilibaki siku kumi, nazo zilikuwa siku ngumu. Chiriku alikalia mikono yake mpaka ikafa ganzi. Mshale ulipopotea, alijiuma mdomo. Baba alisoma kila neno kwa sauti, pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Fu-ngua. Ha-mi-sha. Fu-ta... aa, huyu simgusi!" Alipokosea, Chiriku aliuliza tu, "Imeandikwaje hapo, Baba?" Baba alifungua folda ndani ya folda, akapotea humo, akarudi nyuma, akapotea tena. Siku ya nne alishtuka.

"Kumbe hili ni kabati, hii ni droo, na hili ni faili!"

"Ndiyo, Baba."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Chiriku hakuwa amewahi kumuuliza Baba masjala yake inapangwaje.

Hata hivyo siku ya sita mambo yaliharibika. Baba alipoteza orodha moja mara tatu, akaifunga laptopu kwa kishindo, akatoka nje. "Nimechoka. Kichwa changu hakichukui." Chiriku alibaki mezani. Ingemchukua dakika moja kuipata orodha ile. Hakuigusa. Aliona kabisa kwamba Baba atashindwa, na moyo ulimuuma, lakini mikono aliikalia. Nusu saa baadaye Baba akarudi bila kusema kitu, akaanza upya.

Ijumaa ya mtihani Chiriku alisubiri nje ya lango la hospitali na sare yake ya shule. Wenzake Baba wawili walitoka kwanza, nyuso zimewashuka, wakapita bila kumsalimia. Alijua maana yake. Baba alitoka wa mwisho, anatembea taratibu, na uso wake haukusema lolote.

"Hamsini na nne," alisema.

Chiriku alimrukia shingoni. Baba alimshusha, akamshika mabega.

"Sikia, mwanangu. Zile tisini na saba nilitembea nazo mwezi mzima nikiogopa kila anayeniita. Hizi ni chache, lakini hakuna wa kunisimamisha mbele ya watu akaniuliza nimezitoa wapi. Ulidhani unanisaidia, na mimi nikakuacha kwa sababu ilikuwa rahisi. Sote tulikosea, na kuna mtoto alirudi nyumbani na kikohozi chake kwa sababu yetu. Siku nyingine ukitaka kumfundisha mtu, mwache ashike mwenyewe. Achelewe, akosee, atoke jasho, wewe kaa naye. Ukimfanyia, umemnyang'anya."

"Nimesikia, Baba. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Twende." Walipokaribia nyumbani walimwona Mama amesimama mlangoni, mikono kifuani, na Chiriku akataka kukimbia kumpelekea habari. Baba akamshika mkono. "Mwambie hamsini na nne," alisema. "Usiongeze hata moja."