Simu Juu ya Boneti

Pikapu ya Enock Shigela ilizimika mbele ya soko la Sumbawanga, saa ambayo hakuna dereva anayependa kuzimikiwa. Nyuma bodaboda zilipiga honi, mbele mkokoteni wa viazi uliziba njia, na kila aliyepita alikuwa na ushauri wake. Sukumeni. Nunua betri mpya. Omba Mungu.

Akatokea msichana mwenye ovaroli ya bluu na kilemba cha kitenge cha njano, mkononi ameshika andazi.

"Piga stata," akamwambia.

"Dada, hii gari..."

"Wewe piga, nisikie."

Enock akazungusha ufunguo. Tk-tk-tk-tk. Msichana alikuwa amefumba macho, na watu waliomzunguka wakanyamaza. Hata mimi ningenyamaza, kwa maana mtu akisikiliza namna ile unaona aibu kupiga kelele.

"Ingekuwa stata imekufa, ingegonga tak, mara moja, basi," alisema. "Hii inagonga harakaharaka. Umeme unafika kidogokidogo. Fungua boneti."

Temino ya betri, pale waya unapofungwa, ilikuwa imeota unga mweupe. Msichana aliomba maji ya moto kwa mama wa chai, akaumwagia unga ukayeyuka, akakaza temino kwa spana iliyotoka mfukoni, kisha akauma andazi lake.

"Piga sasa."

Pikapu ikawaka. Enock akasahau hata kusema asante. Yeye alikulia kwenye ng'ombe. Baba yake alihama Usukuma na kundi lake akatua karibu na Mwimbi, mbali na mji, na kijana alizoea kumwona mzee akimtambua ndama mgonjwa gizani kwa kikohozi tu. Lakini mtu wa kufumba macho kwa ajili ya chuma hakuwahi kumwona.

Aliuliza, akaambiwa: huyo ni Albina, binti wa mzee Wilibrodi, fundi wa gereji ya mtaa wa Katandala. Wiki ile pikapu ikagoma kwenye lango la gereji hiyo. Iliyofuata ikagoma tena, palepale.

"Temino zako zinalegea sana, mshikaji," Albina alisema.

"Barabara mbovu."

"Na barabara inashika spana? Angalia alama hii, mbichi kabisa."

Enock akaangalia viatu vyake.

"Umeilegeza mwenyewe."

"Nimekosa. Nilitaka kukuona."

"Si ungesema?"

"Nilijaribu. Ukiinamia injini, maneno yananipotea."

Albina alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Halafu akaacha kucheka. "Usirudie, Enock. Siku ikigoma kweli nitakuaminije?"

Mapenzi yao yakaanzia hapo, kwa simu za asubuhi na mihogo ya kuchoma jioni, hadi ikapangwa Jumamosi moja ya Julai wazee wa Enock waje Katandala kuposa. Mzee Wilibrodi alikubali kwa shingo upande. Mwaka juzi mwanamume mwingine aliahidi kuleta wazee. Kuku wakachinjwa, majirani wakaitwa, na hakutokea mtu. "Sitakaa kungoja watu mara ya pili," alimwambia binti yake. "Adhuhuri ikipita, mlango naufunga."

Asubuhi hiyo upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio. Albina alikuwa amevaa gauni la kitenge cha zambarau, nywele zimesukwa, shangazi yake Bertilla anamfunga shanga shingoni, simu ikaita.

"Mpenzi," alisema Enock, "gari haiwaki."

"Rudia."

"Haiwaki. Wazee wameshapanda, baba kavaa koti lake. Temino zote nimekaza, naapa."

"Kama umeghairi, sema. Usiniletee mchezo wa temino leo."

"Sijaghairi, Albina."

"Yule wa kwanza naye alisema hivyohivyo."

"Kata hiyo simu, mwanangu," alisema shangazi.

Kidole cha Albina kilikuwa tayari kukata. Roho ilimuuma, na alimchukia Enock kwa muda ule. Lakini alikumbuka kwamba injini haijawahi kumdanganya.

"Fungua spika, weka simu juu ya boneti," alisema. "Piga stata."

Akafumba macho. Kule Mwimbi stata ilizunguka kwa nguvu, injini ikashika kidogo, ikakorota, ikazima.

"Tena. Moshi gani huko nyuma?"

"Mweusi, mzito."

Machozi yakamtoka, ya furaha. Kweli ilikuwa imegoma. "Betri nzima, stata nzima. Dizeli inafika, ndiyo maana kuna moshi. Gari yako inakosa pumzi, mpenzi. Angalia pua."

Pua ni lile bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Enock hajafika, baba yake akashuka. Mzee Shigela hakuwa amesema neno tangu alfajiri. Yeye hakumwelewa mkwe wa kuvaa ovaroli, na alikuwa anakwenda kwa sababu tu mwanawe ameng'ang'ania.

"Pua nimeiziba mimi," alisema. "Baridi ilikuwa kali. Ndama niliwafunika, nikaona na hii imelala nje."

Enock akachomoa kipande cha gunia, kirefu kama mkono. Pikapu ikawaka kwa mguno mmoja. Mzee aliitazama simu juu ya boneti.

"Huyo binti yuko wapi?"

"Katandala, baba."

"Katandala ya Sumbawanga?"

"Ndiyo."

Mzee akavua kofia yake katika baridi ile. "Amesikia gunia langu," alisema polepole. Njiani kote hakuivaa tena.

Walifika kabla ya adhuhuri. Albina akaitwa sebuleni, akapiga goti kuwaamkia wazee, na shangazi akamuuliza kama ilivyo desturi, "Wageni hawa unawafahamu?"

"Mmoja namfahamu. Na gari lao."

Mshenga wao Clemens alipofungua kinywa, Mzee Shigela akamtangulia. "Mimi nilikuja kumsindikiza kijana. Sasa naomba mwenyewe. Tupeni huyu." Mzee Wilibrodi akacheka, akaagiza mlango uachwe wazi.

Watu walikula wakaagana. Jioni Enock alikaa nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo. Tk-tk-tk-tk.

Wazee wakatazamana. Enock alishuka, akafungua boneti, akainama. Kwenye temino kulikuwa na alama ya spana, mbichi kabisa. Aligeuka akamwona Albina mlangoni, mikono nyuma, gauni la zambarau limepata doa la grisi kiunoni.

"Barabara mbovu," alisema Albina. "Kaeni kwanza mnywe chai."